Ruzuku za Marekani za kusomea usalama wa mitandao: nani anasoma, nani anafika kazini?

#1 Mlinda_Lango (mleta uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Napata ujumbe wa aina moja mara kwa mara kutoka kwa ndugu walioko Marekani, wengi wao wa kazi za maghala, kulea wazee na kuendesha magari ya abiria: "Eti serikali inamlipia mtu wa kipato cha chini asomee usalama wa mitandao, ni kweli?" Nimeona niweke uzi kabisa, na wenye uzoefu waongezee nyama.

Ni kweli. Ila pesa hiyo haiji mkononi mwa mtu. Inatoka serikali kuu kwenda kwa shirika, chuo au jimbo, na huko ndiko wewe unapata kiti cha darasa. Kwa hiyo mtu akikupigia simu kwamba "ruzuku yako imepitishwa, tuma ada ya kuifungulia", huyo ni mwizi, kata simu. Serikali ya Marekani haitozi ada ili ikupe ruzuku.

Mfano unaotajwa sana ni wa Oktoba 2021. CISA, wakala wa serikali kuu wa usalama wa mitandao na miundombinu, ulitoa dola milioni 2 kwa mashirika mawili: NPower la New York na CyberWarrior la Massachusetts. Walengwa walikuwa wasio na ajira au wenye vibarua visivyowatosha, wanajeshi wastaafu na wenza wa wanajeshi, wanawake, watu wa rangi, wakazi wa vijijini na wa mitaa ya mijini iliyosahaulika. Lilikuwa jaribio la miaka 3.

Kisha kuna RAMPS, mpango wa taasisi ya viwango ya NIST. Aprili 2024 ulitoa karibu dola milioni 3.6 kwa taasisi 18 katika majimbo 15, yaani kama dola 200,000 kwa kila moja. Ukisikia milioni unaona ni utajiri. Sasa piga hesabu. Mtihani wa Security+, cheti ambacho waajiri wengi wanakiulizia mwanzoni, unapita dola 400 kwa mtu mmoja. Wanafunzi 100 wakiufanya mara moja tu, dola 40,000 zimeondoka, na bado hujamlipa mwalimu, mratibu, kompyuta wala chumba.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Ruzuku nyingi zimepimwa kwa idadi ya waliokaa darasani na waliopata cheti. Ajira inatajwa kwenye barua ya maombi, halafu inaachwa ijitafute. Hesabu za CyberSeek, tovuti inayoungwa mkono na NIST, zilionyesha mwaka 2024 zaidi ya matangazo 450,000 ya kazi za fani hii nchini humo. Wenye kozi za haraka wanaipenda namba hiyo kuliko mboni ya jicho. Lakini fungua matangazo yenyewe usome: miaka mitatu ya uzoefu, miaka mitano, kibali cha usalama cha serikali. Upungufu mkubwa uko kwa watu wa kati na wa juu. Mtu aliyetoka darasani jana anakuta foleni ndefu ya wenzake.

Simkatishi mtu tamaa. Ninachosema ni kwamba kabla hujajiandikisha, usiulize kwanza "ni bure?" Uliza "mwajiri gani ameshasaini?"

Karibuni.

#2 Swali_Moja

Nimeweka kambi hapa. Endeleeni.

#3 Bin_Waya

Mkuu umezunguka sana. Sema tu mashirika yanakula. Pesa ya maskini inaishia kwenye mishahara ya wakurugenzi na picha za mahafali. Tumeyaona hayo dunia nzima.

#4 Karani_Mstaafu

@Bin_Waya ndugu yangu, nimefanya kazi ya hesabu za ruzuku kwenye shirika dogo la jamii huko huko, acha nikueleze kidogo. Wizi upo, lakini tatizo kubwa haliko unapolitazama.

Ruzuku nyingi za serikali kuu huzipati kama kapu la fedha. Unatumia kwanza, unapeleka hati, unarudishiwa baadaye. Shirika la mtaani lenye akiba ya mishahara ya miezi miwili haliwezi kumlipa mwalimu, kununua kompyuta, kisha likae likisubiri. Hata kabla ya hapo lazima ujisajili kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kusajili wanaoomba fedha zake, upate namba yako ya utambulisho, usome tangazo la kurasa nyingi, uandike bajeti kwa kanuni zake, uambatanishe barua za washirika. Vyuo vikubwa vina ofisi nzima ya watu wa kuandika maombi hayo. Shirika la wakimbizi lina mkurugenzi anayeandika usiku baada ya kutoka hospitali alikompeleka mtu kutafsiri.

Hiyo sehemu mnayosema "inaliwa" nayo ina kanuni. Shirika lisilo na kiwango chake kilichojadiliwa na serikali lilikuwa linaruhusiwa asilimia 10 kwa gharama za uendeshaji: umeme, mhasibu, bima. Oktoba 2024 ikapandishwa hadi 15. Mwaka huohuo kiwango cha matumizi kinachokulazimisha kufanyiwa ukaguzi rasmi wa fedha za serikali kuu kikapanda kutoka dola 750,000 hadi milioni 1. Hayo yaliwasaidia wadogo kidogo.

Matokeo yake ni kwamba anayeshinda ruzuku ya "jamii zilizosahaulika" mara nyingi ni taasisi isiyoishi ndani ya jamii hiyo. Inashinda kwa sababu inajua kuandika. Kisha inakuja kuwatafuta wanafunzi msikitini na kanisani kwenu wiki mbili kabla ya darasa kuanza, na kila mtu anashangaa kwa nini waliojitokeza ni wachache.

#5 Bin_Waya

Hapo kwenye kuandika nimekuelewa, mzee wangu. Ila wakurugenzi bado siwaamini.

#6 MamaWawili

Habari za leo wakuu. Mimi nimepita kwenye darasa la namna hiyo, sitataja la nani.

Darasa halikuwa na ada, na mwalimu alikuwa mzuri kweli. Kilichotuchuja ni saa. Vipindi viliwekwa saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, siku za kazi. Nani mwenye watoto na kodi ya nyumba anaacha zamu miezi minne bila mshahara? Walioanza na sisi walianza kupungua mwezi wa pili, na hawakuwa wale walioshindwa masomo. Kuna kaka mmoja alikuwa anasoma kumbukumbu za mfumo, yaani mistari ya kila kilichotokea kwenye kompyuta, haraka kutushinda wote, alikuwa anamwona mdukuzi kwenye mistari ambayo sisi tunaiona matope. Akaacha kwa sababu ghala lilimbadilishia zamu. Vijana waliokuwa wanaishi kwa wazazi ndio waliomaliza.

Halafu mtihani. Walilipia mara ya kwanza tu. Ukianguka, ya pili ni mfuko wako. Mtu aliyelala kwa muda wa saa tatu tu anaingia kwenye mtihani wa dola mia nne na ushee akijua hana wa pili.

Kwa hiyo mleta uzi, swali la mwajiri ni sahihi, lakini kuna lingine kabla yake: utakula nini ukisoma?

#7 Mlinda_Lango

@MamaWawili dada, ahsante sana. Swali lako limetangulia langu, nalikubali.

Niongeze jambo ambalo wengi hawaambiwi. Ipo sheria ya mwaka 2014 ya mafunzo na ajira, WIOA. Haikuandikwa kwa ajili ya usalama wa mitandao, lakini fedha zake ndizo zinazolipia watu wengi wa kawaida kozi za aina hii kupitia vituo vya ajira vya serikali, vinavyoitwa American Job Center. Viko kama 2,300 nchi nzima. Ukikubaliwa, kituo kinaweza kulipia kozi iliyo kwenye orodha ya jimbo ya watoa mafunzo walioidhinishwa. Na sheria inaruhusu msaada wa pembeni: nauli, malezi ya watoto, vifaa, hata ada ya mtihani. Inaruhusu, sikusema inalazimisha. Bodi ya eneo lako ndiyo inayoamua, na bajeti ikiisha imeisha. Lakini afisa hatakutajia malezi ya watoto kama hujauliza. Uliza kwa jina, na uombe jibu kwa maandishi.

Na ile orodha ya jimbo msiidharau. Kozi ya haraka inayojitangaza mtandaoni kwa dola elfu kumi na kitu, ukikuta haimo kwenye orodha, jiulize kwa nini.

#8 Swali_Moja

Wakuu, mimi niliingia kama mkimbizi, bado sina kadi ya kijani. Haya yananihusu au ni ya raia tu?

#9 Karani_Mstaafu

@Swali_Moja inategemea mlango unaogonga.

WIOA: sheria yenyewe inawataja raia, wakaazi wa kudumu, wakimbizi, waliopewa hifadhi na wengine walioruhusiwa kufanya kazi. Wewe mkimbizi umo. Anayesubiri kesi ya hifadhi aulize mapema, maana Julai 2025 wizara kadhaa zilitangaza tafsiri kali zaidi ya nani anastahili huduma za serikali kuu, na majimbo kadhaa yakaenda mahakamani kupinga. Usisikilize ya kwenye WhatsApp, uliza kituo cha jimbo lako.

Ufadhili wa CyberCorps, ule wa serikali kwa wanaosomea usalama wa mitandao vyuo vikuu: raia na wenye kadi ya kijani tu.

Kazi zenyewe: nyingi za serikali kuu zinataka uraia, na kile kibali cha usalama cha kushika siri za serikali ni cha raia. Kama wewe ni mkimbizi na darasa ulilopewa limejengwa kuwalisha wakandarasi wa jeshi, utamaliza na cheti safi mlango ukiwa umefungwa kwako miaka kadhaa. Hili watoa mafunzo walipaswa kulisema siku ya kwanza na wengi hawalisemi.

#10 Zamu_ya_Usiku

Kwa kuwa CyberCorps imetajwa, niseme maana wengi wanauona kama pepo.

Huo ni mpango wa taasisi ya sayansi ya NSF, umekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Unakulipia ada ya chuo na kukupa posho nono, na wewe unatumikia serikali muda sawa na uliolipiwa. Usipotumikia, ufadhili unageuka mkopo. Kwa miaka mingi watu hawakuliogopa sharti hilo kwa sababu serikali ilikuwa inagombania wahitimu.

Januari 20, 2025 Rais Trump alisimamisha ajira mpya za serikali kuu. Mashirika yakaanza kupunguza watu. CISA yenyewe, ile iliyotoa dola milioni 2 za mleta uzi, ilipoteza karibu theluthi ya wafanyakazi wake mwaka huo. Wahitimu wa CyberCorps wakajikuta na miezi 18 ya kutafuta kazi ya serikali ambayo haiajiri, na mkopo unawasubiri mlangoni. Serikali ndiyo iliyofunga ajira na serikali ndiyo inayodai.

Mtoto wa tajiri akiangukiwa na hilo atapigwa, atanyanyuka. Mtoto wa kwanza kufika chuo kwenye ukoo, deni la namna hiyo linafuatana naye hadi anaoa. Kwa hiyo mkisema "ruzuku kwa jamii zilizosahaulika" someni sharti la nyuma. Nani anabeba hasara mipango ikibadilika? Kwenye mkataba huu ni mwanafunzi peke yake.

#11 Bin_Waya

Basi nimeshinda kesi. Trump kafuta, uzi ufungwe 😂

#12 Mlinda_Lango

@Bin_Waya usifunge bado mkuu.

Ni kweli lugha imebadilika. Siku ileile ya Januari 20, 2025 ilitoka amri ya rais ya kukomesha programu na ruzuku zilizojengwa juu ya usawa wa makundi. Mei mwaka huo akatangaza kukatisha fedha za Digital Equity Act, sheria iliyokuwa na dola bilioni 2.75 za kuwafikisha watu kwenye matumizi ya intaneti na kompyuta. Maneno "jamii zilizosahaulika" sasa yanaepukwa kwenye matangazo kama ugonjwa wa kuambukiza. Shirika lililojenga maombi yake yote juu ya maneno hayo limeachwa kwenye mataa.

Lakini pesa ya mafunzo haikukauka, imehamia majina mengine. Aprili 2025 rais huyohuyo alitoa amri ya kufikia wanagenzi wapya, yaani wanaojifunza kazi huku wakilipwa, zaidi ya milioni 1 kwa mwaka. Na sheria kubwa ya bajeti ya Julai 2025 imefungua Pell, ruzuku ya wanafunzi wa kipato cha chini, kwa kozi fupi za wiki 8 hadi 15 kuanzia Julai 1, 2026. Zamani kozi iliyo chini ya wiki 15 haikugusa Pell. Na hapa kuna kitu ambacho nakipenda kuliko vyote: kozi hizo lazima zionyeshe angalau asilimia 70 wanamaliza na asilimia 70 wanapata ajira, la sivyo zinakosa sifa. Hatimaye mtu ameandika kipimo kisichoishia kwenye cheti.

Nina wasiwasi nacho pia. Chuo kinachobanwa kwa asilimia 70 ya kumaliza kitafanya nini? Kitachagua. Kitampokea yule kijana anayeishi kwa wazazi, na yule kaka wa ghala aliyesimuliwa na @MamaWawili ataambiwa nafasi zimejaa.

#13 MamaWawili

Hilo la kuchagua limeshaanza zamani, kaka. Usaili wa kuingia ulikuwa na swali "je, una majukumu yatakayokuzuia kuhudhuria?" Ukijibu kweli umekwisha.

#14 Zamu_ya_Usiku

Ndiyo maana mimi nabaki na uanagenzi. Unaajiriwa kwanza, unalipwa tangu siku ya kwanza, unasoma ukiwa kazini, mshahara unapanda kadiri unavyojua. Hakuna anayeacha kwa sababu ya kodi ya nyumba, na swali la mwajiri la mleta uzi linakuwa limejibiwa kabla hujafungua kitabu.

Ila nako tuwe wakweli. Mwaka 2022 wizara ya kazi ilifanya kampeni ya siku 120 ya uanagenzi wa usalama wa mitandao. Ikatangazwa kwamba zaidi ya wanagenzi 7,000 wameajiriwa. Vigelegele. Ukisoma taarifa hadi chini, sehemu kubwa ni askari walioko tayari jeshini, kwenye mpango wa uanagenzi wa jeshi. Kampuni binafsi ziliajiri kama 1,000. Kwa nini? Kwa sababu kampuni binafsi inaona: nimlipe mtu asiyejua, nimtoe mtaalamu wangu kwenye zamu amfundishe, halafu mwaka wa pili jirani amchukue kwa dola tano zaidi kwa saa. Ruzuku inayomlipa mwajiri sehemu ya mshahara wa miezi ya mwanzo ingegusa hapo hasa. WIOA inaruhusu kitu cha namna hiyo, mafunzo kazini ambapo mwajiri anarudishiwa hadi nusu ya mshahara, na wakati mwingine hadi asilimia 75. Waajiri wa fani yetu hawajui kama ipo. Wenye viwanda wanaijua vizuri sana.

#15 Mwenye_Jopo

Niingie kama mtu anayeketi upande wa pili wa meza. Nipo kwenye timu ya ulinzi wa mifumo ya taasisi ya afya na huwa nasaili.

Cheti kinanionyesha kwamba umesoma. Sijawahi kumkataa mtu kwa sababu anatoka darasa la ruzuku. Ninachotaka ni mtu aniambie habari moja ya kweli: barua pepe ya kitapeli iliingia, nilifanya hivi, nikamwita fulani, tulikosea hapa, tukaziba pale. Aliyekaa mwaka mmoja dawati la msaada wa kompyuta anazo hadithi hizo kumi. Aliyetoka kozi ya wiki 12 ana mazoezi yenye majibu nyuma ya kitabu. Kwa hiyo ndugu zangu, kazi ya dawati la msaada msiione ya chini, huko ndiko wengi wetu tulikoanzia.

Na uzoefu unaweza kutengenezwa. Vyuo kadhaa vina kliniki za usalama wa mitandao, Berkeley, MIT na Indiana wakiwa kati ya waanzilishi wa umoja wao wa 2021. Wanafunzi, chini ya msimamizi, wanakagua mifumo ya shirika dogo au mji mdogo usio na fedha za mtaalamu, wanaandika ripoti, wanarekebisha. Google ilitangaza dola milioni 20 kwa kliniki hizo mwaka 2023. Hiyo ni hela ya kampuni, lakini serikali nayo ina mfuko unaofanana na shida hiyohiyo: sheria ya miundombinu ya 2021 iliweka dola bilioni 1 kwa miaka 4 za kulinda mifumo ya majimbo na serikali za mitaa, asilimia 80 ishuke kwa serikali za mitaa na robo iende vijijini. Wilaya nyingi za vijijini zilinunua programu, zikabaki bila mtu wa kuisoma ikipiga kelele. Upande mmoja kuna mji uliotekwa na wadukuzi wanaodai fidia, upande wa pili kuna wahitimu wa ruzuku wasio na uzoefu, na fedha za hao wawili ziko kwenye wizara mbili zisizosemezana.

#16 Karani_Mstaafu

@Mwenye_Jopo hapo kwenye wizara zisizosemezana umenikumbusha maumivu. Mwanafunzi mmoja, fomu tatu, kila moja inauliza kipato cha kaya kwa namna yake.

#17 Bin_Waya

Haya, nimenyoosha mikono. Mnipe jambo la kufanya basi. Mdogo wangu yuko Ohio, ana miaka 29, anafanya ghala, anataka kuingia huku. Aanzie wapi Jumatatu?

#18 Mlinda_Lango

@Bin_Waya aende kituo cha ajira kilicho karibu naye, aseme anataka tathmini ya WIOA kwa fani ya teknolojia. Akiulizwa anataka kozi gani, asitaje kozi, aulize kwanza kama kuna mwajiri wa uanagenzi au mafunzo kazini kwenye eneo hilo. Kama hakuna, ndipo aombe orodha ya jimbo na aulize kila mtoa mafunzo mambo yale yale: mwaka jana walimaliza wangapi, wako wapi sasa, mtihani wa pili nani analipa, vipindi vya jioni vipo? Anayekwepa la "wako wapi sasa" amwache. Huku akisubiri, aombe dawati la msaada popote, hata la shule. Na ISC2, shirika linalotoa vyeti vya usalama wa mitandao, wana cheti cha mwanzo ambacho mwaka 2022 walianza kutoa mafunzo na mtihani wake bila malipo; aangalie kama bado. Hakimpi kazi, lakini kitamwambia kama anaipenda fani au anapenda mishahara ya kwenye video.

#19 Swali_Moja

Siku ya kwanza kituoni wanataka karatasi gani? Nisije nikarudishwa nikiwa nimeomba ruhusa kazini.

#20 Karani_Mstaafu

Kitambulisho, hati inayoonyesha unaruhusiwa kufanya kazi, ushahidi wa anwani na wa kipato cha kaya. Kama ni mwanamume wataulizia pia usajili wa Selective Service, ule wa orodha ya jeshi. Wengi wetu hukwama hapo kwa kutojua kwamba unawahusu hata wahamiaji wa miaka 18 hadi 25 wanaoishi nchini. Kama uliingia Marekani ukiwa umeshatimiza miaka 26 huhusiki, wewe beba tu hati yenye tarehe ya kuingia. Mdogo wake Bin_Waya naye aangalie hilo kabla ya Jumatatu.